Makabati Sita ya Mtaa Wetu

Mi sufuria yangu iko Kasai. Watu wakiniuliza kwa nini napikia bukari, ugali wa kwetu, ndani ya sufuria yenye alama ya buluu, na mtaa wote wa Kapata unajua alama yangu ni nyekundu, nawajibu hivyo tu, nawaacha midomo wazi. Anayetaka yote akae chini. Sipendi kumsimulia mtu aliyesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa tisini na tatu. Mgodi ulikuwa karibu kulala kabisa. King'ora cha kampuni kilikuwa kimenyamaza, lakini kila asubuhi, saa ile ile, watu waligeuza shingo upande wa machimbo wakasikiliza kitu kisichokuja, kisha wakaendelea kufagia. Tuliishi hivyo, nusu macho, nusu usingizi. Jana nyumba ilikuwa na mlango, leo haina, umeng'olewa ukauzwe. Mtu anapita amebeba dirisha kichwani, anakusalimia vizuri, anauliza habari za watoto, anaenda zake. Moshi wa nyasi ulikaa juu ya mji mchana kutwa, jua likawa jeupe, ukaweza kulitazama bila kukunja uso. Mara nyingine nilisimama katikati ya njia nikasahau ninakwenda wapi.

Kisha likaja lile neno, kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Mkwe wangu Gracien, bwana wa mtoto wangu Rachelle, alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Baba yake alikuja kijana kufanya kazi ya kampuni, akazeekea hapa, akazikwa hapa. Gracien hajaiona Kasai hata kwenye picha. Lakini vijana walipita nyumba kwa nyumba, majirani wa jana, wengine nimewalisha kwa mkono wangu huu, wakagonga milango na kusema fungeni mizigo. Nilimtukana mmoja wao mbele ya mama yake. Mama yake akatazama chini.

Mi na Rachelle ni watu wa kaskazini ya Katanga, jimbo hili hili, sisi hakuna aliyetugusa. Basi nilikwenda kwa mtoto wangu, naye ndiye niliye naye peke yake, nikamwambia, "Rachelle, bakia. Bwana yako atangulie. Mambo ikitulia, atarudi."

Alikuwa anakunja nguo za mtoto. Hakuinua kichwa. "Mama, weye ungemuacha tata?"

Baba yake nilimfuata kutoka Manono juu ya lori la mihogo, wazazi wangu wakilia nyuma. "Basi niachie mujukuu wangu Abigaëlle," nikasema.

"Mutoto wa Gracien, abakie hapa? Tayari balisha kumuita mududu mu njia, mama. Mutoto wa miaka mbili."

Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe la kufulia mpaka hasira ipungue. Haikupungua. Hata leo imebaki kidogo.

Nyumba sita za mtaa wa Rachelle zilikwenda pamoja ku gare, yaani kituo cha treni. Na huko, sijui nani aliamua, wakatandika mikeka yao kwa mpango ule ule wa Kapata. Ukutani mzee Kabongo na mke wake. Anayefuata Mama Mbuyu, mjane. Kisha Prof Mianda, mwalimu wa hesabu, kisha Rachelle na Gracien, kisha Ngoy, na mwisho, karibu na reli, Stany, fundi mitambo, kijana asiye na mke. Mama Mbuyu alifagia vumbi mbele ya mkeka wake hadi mpaka wa Prof na hakuvuka hata kidole, kama alivyofanya Kapata. Kuzunguka wao ilikuwa mikeka mingine mamia, moshi wa majiko ya makaa, nguo zilizoanikwa juu ya reli. Kila asubuhi nilitoka nyumbani na sufuria kichwani, bukari na sombe ya majani ya mihogo, nikapita ule mtaa uliobaki matundu, halafu nikaukuta tena gare, umelala chini bila kuta, watu wale wale, mabishano yale yale. Ilibidi nijiguse mkono nijue siko ndotoni.

Treni zilikuja zilipotaka. Surua ilikuwa ikitembea kati ya mikeka. Mtoto mdogo wa Ngoy alikufa Jumapili, na siku hiyo hiyo Gracien akaangushwa na homa na Abigaëlle akaanza kukohoa. Mi nilitaka mambo mawili yasiyopikwa chungu kimoja. Nilitaka mtoto yule aondolewe pale upesi, kabla surua haijamfikia. Na nilitaka asiende. Sala ya namna hiyo Mungu anaijibu vipi, sijui.

Mkubwa wa gare alikuwa mtu anaitwa Kisimba, mnene wa shingo, mpole wa sauti. Kila treni ilikuwa na vagon moja lenye paa, behewa lenye nafasi ya nyumba sita, na tulijua wote kwamba amekwisha kuliahidi kwa rafiki zake wenye magunia ya mahindi. Lakini kusema hapana mbele ya mamia ya watu nayo ni kazi. Kwa hiyo akabuni mchezo wa kusema hapana bila kulitamka.

"Mi siko muntu wa kuchagua," alisema, amesimama juu ya kreti. "Bahati njo itachagua."

Kulikuwa na chumba cha zamani ambamo wafanyakazi wa reli walibadilishia nguo, na ndani yake makabati sita ya chuma kwa mstari mmoja. Nyumba sita zijiunge. Kila nyumba itoe kitu chake kimoja kidogo, naye Kisimba atavificha mwenyewe, kabati moja kitu kimoja. Kisha kila nyumba itume mtu mmoja. Ataingia peke yake, atafungua makabati matatu, si zaidi, akitafuta kitu cha nyumba yake. Akikiona, amwonyeshe mlinzi, akirudishe palepale, afunge, atokee mlango wa nyuma asiseme na wenzake. Wote sita wakiona vyao, vagon lenye paa ni lao. Akikosa hata mmoja, nyumba zote sita zinarudi mwisho wa foleni. Na mwisho wa foleni ulikuwa mbali sana kwa mtoto anayekohoa.

Makundi yakajaribu. Lingine lilishindwa kwa mtu wa kwanza, lingine kwa wa pili. Waliotoka walicheka ovyo, namna anavyocheka mtu aliyeamshwa vibaya, wakaenda kukunja mikeka yao. Kisimba akawapa pole kila mmoja, kwa mkono. Nilitamani kumng'ata ule mkono.

"Alors, angalieni," Prof Mianda alisema, akachora mchangani kwa kijiti. "Makabati sita, unafungua tatu. Muntu moja eko na nusu ya bahati. Ni kama kurusha kipande cha feza, unataka kichwa. Sasa bantu sita, kila moja arushe, na yote sita ianguke kichwa. Ile inafika mara moja mu sitini na nne."

"Kwa hiyo tusijaribu," Ngoy alisema. Tangu Jumapili alikuwa akiongea akiangalia viatu vyake.

Prof alibaki anaitazama michoro yake. Nami nilimwona Gracien amejikunyata chini ya blanketi, na Rachelle anamfuta mtoto pua, nikakasirikia hesabu, nikakasirikia Kisimba, nikaikasirikia hata Kasai, nchi ambayo haijanifanya lolote.

Sasa sikia jambo la sufuria, maana bila hilo hakuna hadithi.

Kapata mtu akifa, wanawake wa mtaa hupeleka sufuria zao matangani. Tunapika pamoja, tunaosha pamoja, tumechoka, tumelia, na kila mmoja anabeba sufuria iliyo karibu, anaenda kulala. Asubuhi unakuta umebeba ya mwingine. Ndiyo maana kila sufuria ina alama ya rangi. Sasa hapo mgeni atazunguka mtaa mzima akipiga kelele, nani ana sufuria yangu, nani ana sufuria yangu. Mwanamke wa Kapata hapigi kelele. Nimekuta sufuria ya Mama Mbuyu? Nampelekea Mama Mbuyu. Yeye ananipa ile aliyoikuta kwake, tuseme ya mke wa Kabongo. Naibeba hiyo kwa mke wa Kabongo, naye ananipa aliyonayo. Naenda hivyo, sufuria hadi sufuria, na wa mwisho ndiye aliye na yangu. Njia hiyo haijawahi kunipoteza hata siku moja.

Basi baada ya matanga ya mtoto wa Ngoy, sufuria zilikuwa zimechanganyika hata pale gare. Mama Mbuyu alisimama asubuhi, akavaa kitenge chake vizuri, akaanza safari. Alikwenda mkeka hadi mkeka na sufuria mikononi, anabisha hodi pasipo na mlango, anapokea nyingine, anasonga. Nyuma yake kila mkeka ukabaki na sufuria yake sahihi. Alirudi kwake na ya kwake, akaipindua, akaikalia.

Prof Mianda alikuwa akimfuata kwa macho. Kijiti kikamwanguka.

"Mama Mbuyu," alisema polepole, "rudia."

"Nirudie nini?"

"Ile njia."

Akamweleza, akimwona mwanaume huyu amepata homa ya Gracien. Prof akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaihesabu mikeka yetu kwa kidole, mmoja mmoja. Alipoongea, aliongea kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Makabati ni manyumba," alisema. "Yako sita mu mustari moja, na siye tuko sita mu mustari moja. Ile ya kwanza ku mulango ni ya tata Kabongo. Ya pili ya Mama Mbuyu, ya tatu yangu, ya ine ya Gracien, ya tano ya Ngoy, ya mwisho ya Stany. Kila muntu aanzie kwake. Ukikuta kitu cha mwingine, enda mu nyumba ya mwenye kile kitu. Fuata vile, mpaka tatu."

"Na njo tutapata?" Stany aliuliza.

"Apana. Njo tutapata ao tutakosa pamoja." Alituangalia mmoja mmoja. "Tukifungua ovyo, kila muntu anapiga bahati yake peke yake. Mi napata, weye unakosa, na kukosa kwa moja kunaua bote. Lakini tukifuata sufuria, bahati inakuwa moja. Ile njia lazima mwisho irudi ku nyumba yako, ni mzunguko. Kama kila mzunguko ni mufupi, nyumba moja, nyumba mbili, nyumba tatu, bote sita banaona. Kama kuko mzunguko murefu, wa nyumba ine ao tano ao sita, bale bote ba mu mzunguko banakosa. Hatugawe tena kukosa kidogo kidogo. Tunaifunga mu kifurushi kimoja."

Alichora tena, akafuta, akahesabu midomo ikicheza. "Zaidi ya mara moja mu tatu," alisema mwisho. "Hata karibu mara ine mu kumi."

Mi hesabu za shule sina, lakini nimeuza samaki sokoni tangu ujana wangu. Tofauti ya sitini na nne na tatu naijua. Kidole kimoja hakivunji chawa, bwana, hata kikiwa kidole cha profesa.

"Na Kisimba akitutega?" Ngoy aliuliza.

"Atatutega namna gani?" Prof alisema. "Hajui makabati tumeyapa majina gani."

Hapo ndipo mzee Kabongo alipokohoa kikohozi chake cha kutaka kusikilizwa. Alisema yeye ameota. Ameota chumba kile, na kitu chake kinang'aa ndani ya kabati la mwisho, karibu na dirisha. Mungu amekwisha kumwonyesha, hahitaji kuzunguka nyumba za watu.

"Tata Kabongo," nilimwambia, "mwaka jana uliota mgodi utafunguliwa Pasaka."

"Sikusema Pasaka gani."

Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili. Yeye hakucheka. Akajifunga koti lake, akageukia ukuta. Prof alimsihi, Mama Mbuyu alimsihi, mke wake akamwambia maneno ambayo sitayarudia. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Gracien hakuweza kusimama. Rachelle alitaka kwenda, lakini mtoto hakukubali kuachwa, akimshika shingo na kulia mpaka pumzi inakatika. Nikasema nitakwenda mi. Nyumba itume mtu mmoja, Kisimba hakusema mtu wa wapi.

Tukatoa vitu vyetu. Kabongo kopo lake la ugoro. Mama Mbuyu rozari. Prof kipande cha chaki alichotoka nacho shuleni mfukoni bila kujua. Ngoy alitoa kiatu kimoja cha yule mtoto, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Stany spana. Mi nilitoa kijiko cha Abigaëlle, kile chenye mpini uliopinda, kwa sababu mtoto hali kwa kijiko kingine.

Kisimba aliingia navyo, akakaa, akatoka akipangusa mikono. Uwanja wote ulikuwa umesimama kutazama.

Kabongo akaingia wa kwanza. Alikaa ndani muda mrefu sana. Nilianza kumhesabia dhambi zake zote, na zilikuwa zinakaribia kuisha alipotokea mlango wa nyuma, mlinzi akapiga kelele, "Ameona." Sikuamini. Akaingia Prof, na kabla hatujavuta pumzi akawa ametoka. Tulidhani amevunja sheria. Kumbe alifungua kabati lake akakuta chaki yake imelala humo humo, nyumbani. "Ameona." Mama Mbuyu ameona. Ngoy ameona, akatoka amefunika uso kwa kiganja. Stany ameona. Kisimba alikuwa ameacha kutabasamu.

Nikabaki mi.

Mlango ukafungwa nyuma yangu. Madirisha ya chumba kile yalipakwa rangi ya buluu zamani za vita, na mwanga wote ndani ulikuwa wa buluu, hauna saa. Mlinzi alikuwa ameegemea ukuta, macho nusu. Makabati yalisimama kwa mstari, na nilipoyatazama yalikuwa mtaa. Nasema yalikuwa. Niliona kizingiti cha Kabongo chenye ufa, maua ya Mama Mbuyu ndani ya makopo ya mafuta, mlango wa Rachelle ambao Gracien aliupaka rangi wiki ya harusi. Nilisikia mtu anatwanga. Harufu ya sombe ilinijia kabisa puani. Nilitembea katikati ya mtaa ule, polepole, na sikuwa na haraka ya kutoka. Kama ningeachiwa, ningebaki humo.

Nikafungua kabati la Gracien. Ndani kulikuwa na rozari.

Nikaenda kwa Mama Mbuyu. Midomo yangu ikasema hodi, mlinzi akacheka puani. Nikafungua. Kopo la ugoro.

Nilikuwa nimebakiwa na moja, la Kabongo. Na hapo, mkono wangu ukiwa njiani, usingizi wote ukanitoka. Mama Mbuyu alikuwa ameona rozari yake. Nayo iko hapa, kwa Gracien. Ili afike hapa aliondoka kwake, akaenda kwa Kabongo, na kwa Kabongo kuna kitu kilichomtuma kwa Gracien. Kitu cha kumtuma mtu kwa Gracien ni kimoja tu. Mwanamke wa Kapata hahitaji chaki kulijua hilo. Kijiko kilikuwa kwa Kabongo, na hakikuweza kuwa mahali pengine. Bahati ilikuwa imemaliza kazi yake na kwenda zake. Tuliobaki ndani ya chumba tulikuwa mlinzi na mi.

Nikasimama. Kama nitafungua kabati la Kabongo, mtoto wangu atapanda vagon. Kama nitafungua lingine lolote, la Stany, la Ngoy, nitatoka nikilia, nitasema bahati mbaya, na hakuna mtu duniani atakayejua. Rachelle atabaki gare, wiki nyingi. Gracien labda atachukuliwa na homa yake. Rachelle labda atachoka, atarudi nyumbani kwangu, atalala kwenye kitanda chake cha usichana. Nilitaka hivyo. Sisemi nilijaribiwa kidogo, nasema nilitaka, mate yalinijaa mdomoni. Mkono wangu uligusa kabati la Stany. Lilikuwa baridi.

Kisha nikasikia Abigaëlle anakohoa nje. Kati ya watoto mamia waliokohoa uwanja ule, nilimtambua wangu.

Nikarudi mwanzo wa mtaa, nikafungua kwa Kabongo. Kijiko kilikuwa pale, mpini umepinda. Nikamwonyesha mlinzi.

Sitasema uwanja ulifanya nini. Kisimba alimwuliza mlinzi kama amelala, mlinzi akaapa kwa mama yake. Akatutazama sisi sita, akautazama uwanja, na uwanja ulikuwa ukimtazama yeye. Alikuwa ameapa kwa sauti kubwa, juu ya kreti, mbele ya kila mtu. Akachukua ufunguo wa vagon akampa Prof Mianda. Mchezo ule hakuurudia tena. Treni zilizofuata watu walipanda kwa foleni.

Tulipokuwa tunapakia mizigo nilimvuta Kabongo pembeni. "Tata, na ndoto?"

Akajikuna kidevu. Alisema alikwenda moja kwa moja mpaka kabati la mwisho, akashika mpini. Halafu akakumbuka kwamba ile ni nyumba ya Stany. "Muzee kama mi, niingie mu nyumba ya kijana asiye na bibi, bila sababu? Bantu bangesema nini?" Kwa hiyo akarudi kuanzia kwake, kwa heshima. Hebu fikiri. Ndoto ya Mungu ilishindwa na aibu ya Kapata, na aibu hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Gracien alibebwa juu. Rachelle alibaki mlangoni mwa vagon, mtoto mgongoni, kijiko kimefungwa kwenye ncha ya kitenge. Aliniinamia. "Mama, uliogopa kukosa?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Apana," nikasema. "Benzangu batano balikuwa balishaona. Nilijua iko kwa Kabongo."

Rachelle ana akili ya baba yake. Alinitazama, na nikaona jambo lile linamfikia polepole, kwamba mama yake alisimama mle ndani na jibu mkononi. "Ulijua," alisema. "Na ulifungua."

"Nilitaka mubakie," nikamwambia. "Nilitaka sana, Rachelle. Mpaka mukono ulikufa."

Alilia, nami nikalia, kwa sauti, bila kujificha. Treni ikaanza kuguna. Hapo akainama haraka, akachukua sufuria yangu niliyoleta asubuhi, ile ya alama nyekundu, akaivuta ndani ya vagon. Akaniwekea mikononi ya kwake, ya buluu, bado ina ukoko wa jana.

"Mama, sasa nimekosea sufuria," alisema.

Vagon likasogea. Nilitembea nalo mpaka mwisho wa uwanja, sufuria tumboni, kisha nikasimama. Nilirudi Kapata kwa miguu katika moshi ule mweupe. Nilipopita mtaa wao niliziita zile nyumba moja moja kwa majina, ya Kabongo, ya Mbuyu, ya Prof, na nilipofika ya nne nilibisha hodi kwenye shimo la mlango. Wapita njia waliniona. Waache.

Watu wa treni walileta habari kwamba walifika, na mtoto alifika mzima. Zaidi ya hapo njia imekuwa mbaya, miaka imepita, mi magoti hayakubali tena treni. Wengine wananiambia sufuria hii ningeitunza kabatini. Itunzwe kwa nini, ni sanamu? Ni sufuria. Napikia kila siku, nasugua kila siku. Prof Mianda alisema anayefuata njia ile lazima mwisho arudi nyumbani kwake. Hakusema lini, na mi sikumuuliza.

Ile alama ya buluu ilianza kufutika kwa kusuguliwa. Mwaka jana nilinunua rangi, nikaipaka upya.